Kugawanya Matriksi katika MATLAB: Changamoto ya Istilahi

Utangulizi

Neno 'gawanya' huchukuliwa kuwa jepesi. Hata mtoto wa shule ya msingi anajua kwamba kumi na mbili gawanya kwa tatu ni nne. Hata hivyo, neno hilo linapoingia katika hisabati ya matriksi, yaani namba zilizopangwa kwa safu mlalo na safu wima, linaweza kumpotosha mfasiri. Makala haya yanadhamiria kueleza kitendo hicho katika MATLAB, lugha ya tarakilishi iliyoasisiwa na Cleve Moler mwishoni mwa miaka ya 1970 ili wanafunzi wa Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, wafanye hesabu za matriksi bila kuandika programu za Fortran.

Dhana yenyewe

Chukulia kwamba mkahawani vikombe viwili vya chai na mandazi matatu ni shilingi 90, ilhali kikombe kimoja na mandazi manne ni shilingi 70. Katika MATLAB, idadi ya vitu huandikwa A = [2 3; 1 4] na jumla za fedha b = [90; 70]. Amri A\b hutoa 30 na 10: bei ya kikombe cha chai na bei ya andazi.

Yamkini msomaji atauliza ni kitu gani kilichogawanywa hapo. Kwa hakika, tarakilishi imetafuta namba ambazo A ikizidishwa kwazo hutoa b. Kwa matriksi kama hii, nusu ya mlinganyo wa kwanza hutolewa katika wa pili ili chai itoweke. Hubaki andazi mbili na nusu kwa shilingi 25, kisha bei ya chai hupatikana kwa kurudi nyuma. Kugawanya huku, basi, ni kufumbua milinganyo. Iwapo mlinganyo wa pili ungekuwa wa kwanza uliorudufishwa, yaani vikombe vinne na mandazi sita kwa shilingi 180, usingeongeza habari yoyote, nayo MATLAB ingetoa onyo.

Suala la upande

Katika namba za kawaida, mbili mara tatu ni sawa na tatu mara mbili. Matriksi hazina desturi hiyo. Kwa jumla, A*B si sawa na B*A. Kwa sababu hiyo, mgawanyo nao una pande mbili. Katika A\B, kigawanyo ni A, kilicho kushoto, na jibu ni X inayotimiza A*X = B. Katika B/A, kigawanyo ni A vilevile, ila kiko kulia, na jibu hutimiza X*A = B. Aidha, ipo alama ya tatu, mkwaju uliotanguliwa na nukta, ambayo hugawanya kila namba kwa mwenzake wa mahali pale pale. Hivyo, A/A hutoa 1 kwenye ulalo mkuu na 0 kwingineko, ilhali A./A hutoa 1 kila mahali.

Hapa ndipo penye hatari. Sentensi 'gawanya B kwa A' yaweza kumaanisha amri zote tatu. Ikiwa A na B zina safu mlalo na safu wima zilizo sawa kwa idadi, tarakilishi kwa kawaida haitalalamika; itatoa jibu, na jibu hilo laweza kuwa la swali jingine kabisa.

Hitimisho

Ni bayana kwamba mfasiri wa matini za aina hii hawezi kuridhika na kitenzi peke yake. Istilahi 'mgawanyo wa kushoto', 'mgawanyo wa kulia' na 'mgawanyo wa kipengele kwa kipengele' ni ndefu, lakini zinahifadhi kile ambacho alama hubeba. Kiswahili hakikosi maneno ya kuieleza dhana hii; kinachohitajika ni mfasiri aielewe hesabu kabla ya kuitafutia jina.