Fedha za Mwaka wa Neema na Hesabu ya Serikali

Wakulima wengi hufika ofisini kwetu na swali moja. Huuliza: bei ya mazao ikipanda Serikali hupata fedha nyingi, basi mbona baada ya miaka michache husikia kwamba Hazina ina upungufu, na mbolea nayo imepanda bei? Swali hili ni la haki, na jibu lake lapatikana katika kahawa yetu wenyewe.

Mnamo Julai 1975 jalidi kali ilishuka katika jimbo la Paraná, nchi ya Brazil, ikaua mibuni kwa mamilioni. Brazil huuza kahawa nyingi kuliko nchi yoyote duniani, kwa hiyo wanunuzi waliingiwa na hofu. Kabla ya jalidi hiyo ratli moja ya kahawa ilipata chini ya dola 1 katika soko la New York. Aprili 1977 ilipita dola 3.

Hapa yafaa msomaji afikiri kama mkulima. Watu wa Brazil walipanda tena. Wewe wajua kwamba mbuni hauzai vema kabla ya mwaka wa tatu au wa nne. Basi neema ile ilikuwa na mwisho wake tangu siku ya kwanza, na mtoto wa shule angeweza kuuhesabu kwa vidole.

Serikali ya Kenya haikuitoza kahawa kodi kubwa ya kuuza ng'ambo, na sehemu kubwa ya fedha ikamfikia mwenye shamba. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa jambo jema. Wakulima wengi walijenga nyumba za mabati, wakanunua ng'ombe wa gredi, wakalipa karo. (Wako pia waliotajirika bila ya kuwa na mbuni hata mmoja, kwa kahawa ya magendo iliyovuka kutoka Uganda hadi soko la Chepkube, lakini hayo ni masimulizi mengine.)

Serikali nayo ilipata yake kwa mlango wa pili. Mkulima mwenye fedha alinunua vitu vilivyotoka ng'ambo, na vitu hivyo vililipiwa ushuru wa forodha na kodi ya mauzo. Hazina ikajaa, na matumizi ya wizara yakaongezeka. Matatizo yalianzia hapo. Daraja hujengwa mara moja, lakini mtu akiajiriwa hulipwa kila mwezi, na akistaafu hulipwa malipo ya uzeeni. Bei ya kahawa ilianza kuteremka katika mwaka ule ule wa 1977, na mishahara haikuteremka pamoja nayo.

Sisemi kahawa peke yake ndiyo iliyoleta taabu zilizofuata. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, mafuta yalipanda bei sana mwaka 1979, na mwaka 1980 mahindi yalikuwa haba. Lakini mzigo huo uliikuta Serikali ikiwa imekwisha zoea matumizi ya miaka ya neema. Ikakopa. Mwaka 1981 shilingi ilipunguzwa thamani mara mbili, na Desemba 1982 ikapunguzwa tena. Mbolea, dawa ya kunyunyizia na dizeli hununuliwa kwa fedha za kigeni. Shilingi ikishuka, bei yake dukani hupanda. Ni kweli kwamba mwenye kahawa naye hupata shilingi zaidi kwa kila dola. Mwenye mahindi na maziwa hana faraja hiyo.

Serikali ikitumia kuliko inavyopata, pengo hilo huzibwa kwa kuongeza kodi au kwa kukopa. Ikikopa sana humu nchini, benki huona heri kuikopesha Serikali kuliko kumkopesha mwenye ekari tatu, na riba hupanda. Ikikopa kwa Benki Kuu, fedha huzidi kuliko mali iliyopo sokoni. Mwaka 1992, kuelekea uchaguzi wa Desemba, fedha nyingi mno ziliingizwa nchini namna hiyo. Mwaka 1993 bei za vitu zilipanda kwa wastani wa zaidi ya shilingi 40 katika kila 100. Aliyekuwa ameweka akiba yake chini ya godoro ili anunue ndama aliweza kununua kuku.

Kwa ajili ya mambo kama haya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 yasema kwamba, katika hesabu ya miaka kadhaa, mikopo itumiwe kwa maendeleo tu, wala si kwa mishahara, na kwamba angalau sehemu 30 katika 100 za bajeti ziende kwenye maendeleo. Kaunti nazo zafungwa na sheria hiyo.

Makadirio ya kaunti yako hupelekwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Mkutano ukitangazwa, nenda na kalamu. Tazama kwanza safu ya mishahara, kisha ya maendeleo, uzilinganishe na za mwaka uliopita. Halafu uliza kila kazi mpya italipwa kwa fedha gani mwaka wa tatu.