Nahau za Kiingereza (4): Kapteni Grose na ile ndoo

Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yametoka, na kama ada, magazeti yamejaa vilio vya Kiingereza. Wazazi wanawatupia lawama walimu, walimu wanautupia mtaala, na wachuuzi wa vitabu pale Kariakoo hawamlaumu mtu. Wao wametandaza turubai na kupanga vile vijitabu vinavyomwahidi kijana nahau mia tano za Kiingereza kabla ya usaili. Nimenunua kimoja. Namba moja ni mvua ya paka na mbwa, "it's raining cats and dogs". Namba tatu ni "to kick the bucket", kupiga ndoo teke, na mbele yake neno moja tu: kufa. Nani husema hivyo, kwa nani, kwenye shughuli gani? Kijitabu kimya. Kwa sababu ya ukimya huo, nahau za kriketi nilizoahidi zitasubiri.

Msomaji aliye nasi tangu mwanzo anajua tulikotoka. Tulianza na Biblia, tukaona kwamba anayemkumbuka Pilato hana haja ya kufundishwa "to wash one's hands of", maana Kiswahili nacho kinanawa mikono vilevile. Tukaja kwa Shakespeare na ile ratili ya nyama ya Shylock, ambayo Mwalimu Nyerere alituletea mwaka 1969 katika Mabepari wa Venisi. Hizo ni nahau za watu wazima waliovaa wakavalika. Unaweza kuzitamka mbele ya askofu. Leo tunashuka uchochoroni, na mwenyeji wetu huko ni Kapteni Francis Grose.

Grose alikuwa ofisa wa jeshi la mgambo, mchoraji wa magofu, na mnene wa kupindukia. Inasimuliwa kwamba alipokuwa mlipaji mishahara wa kikosi, vitabu vyake vya hesabu vilikuwa mifuko miwili ya koti: mmoja wa kuingizia fedha, mwingine wa kutolea. Hesabu, bila shaka, hazikukaa sawa. Lakini masikio alikuwa nayo. Samuel Johnson, katika kamusi yake kuu ya mwaka 1755, alikuwa amewategemea zaidi waandishi wakubwa. Grose akaenda kwa wasioandika. Husimuliwa kwamba alitoka usiku na msaidizi wake, akaingia vilabuni na vichochoroni mwa London, akakaa na mabaharia, askari, makuli na wezi, akiwasikiliza walivyotaniana na walivyotukanana. Mwaka 1785 akatoa kitabu alichokiita A Classical Dictionary of the Vulgar Tongue, yaani kamusi ya lugha ya mtaani, na ya mtaa usio na adabu. Sifichi mapenzi yangu kwa mtu huyu. Ni katika kitabu chake kingine, cha magofu ya Uskoti, ambamo Robert Burns alichapisha shairi lake la Tam o' Shanter mwaka 1791. Mwaka huohuo Grose akafia Dublin.

Ndani ya kamusi hiyo ya 1785 ndimo ilimo ndoo yetu, na maana yake ni ileile, kufa. Asili yake ina ubishi. Wako wanaosema ni ndoo anayoisukuma kwa mguu mtu anayejinyonga. Wengine husema katika lahaja fulani za Uingereza "bucket" ilikuwa boriti ya kumning'iniza nguruwe wa kuchinjwa, naye akiwa kichwa chini huipiga mateke akikata roho. Mimi niko upande wa boriti. Ila kwa vyovyote, angalia ni nani aliyeikusanya na alikoikusanya. Haikutoka kwenye tanzia wala kwenye mimbari. Ilitoka kwa walevi.

Niliwahi kukaa kwenye jopo la usaili, ofisi siitaji. Kijana mmoja, suti imenyooka, aliulizwa kwa nini masomo yake yalikatika mwaka mzima. Akajibu kwa Kiingereza, tena kwa madaha, kwamba baba yake "kicked the bucket". Mzee mmoja wa jopo akaliinamia faili kama mtu anayetafuta ukurasa. Mwenzake akakohoa. Kijana hakujua kilichotokea, na hakuna aliyemwambia. Hebu fikiri mgeni anayejifunza Kiswahili akija msibani, akashika mkono wa mjane na kusema, "Nasikia mzee amekata kamba." Sisi tunajua kwamba marehemu huyo amefariki, ameaga dunia, ametutoka, au Mungu amemchukua. Kukata kamba ni maneno ya kijiweni, na hata kijiweni hatusemi hivyo juu ya baba wa mtu naye yupo. Hakuna kijana wa kwetu asiyelijua hilo kwa Kiswahili. Kinachonikera ni kwamba akivuka kwenda Kiingereza adabu hiyo huiacha mpakani, akidhani lugha ya watu haina wakubwa na wadogo.

Kuhusu paka na mbwa, kwanza tuuzike uzushi. Ile habari kwamba zamani wanyama hao walilala kwenye mapaa ya nyasi, mvua ikinyesha wakateleza na kuanguka, ilisambazwa kwa barua pepe mwishoni mwa miaka ya 1990, na haina mashiko. Tunachojua ni kwamba nahau hiyo imo katika kitabu cha Jonathan Swift cha mwaka 1738 kuhusu mazungumzo ya kistaarabu, na humo imewekwa ili ichekwe! Swift alijifanya bwana mmoja aitwaye Simon Wagstaff, anayejisifu kwamba hutembea na daftari mfukoni, na kila akitoka kwenye nyumba za wakubwa huandika upesi misemo bora aliyoisikia, ili wengine waikariri. Kisha zinafuata ngonjera tatu za mabwana na mabibi wanaorushiana misemo mitupu kuanzia asubuhi mpaka chai ya jioni, pasipo mmoja wao kusema neno lililotoka kichwani mwake. Wagstaff, ndugu msomaji, yuko Kariakoo, na turubai lake umeliona.

Nahau za mabaharia ningependa kuzipa ukurasa mzima, lakini mhariri amekwisha kunionya. Moja tu. Mtu aliyelewa chakari Mwingereza humwita "three sheets to the wind". Vijitabu hutafsiri hizo "sheets" kuwa mashuka. Baharia wa Lamu au Pemba angecheka, kwa sababu anayoijua yeye ni demani, kamba inayoshika pembe ya chini ya tanga. Demani ikiachia, tanga linapigapiga na chombo kinayumba. Zikiachia tatu, chombo hakijui kinakokwenda, na mlevi naye hivyohivyo.

Nafasi imebaki kidogo kwa yule anayeniuliza, "Sasa mwalimu, nifanyeje?" Anza na zile ambazo Waingereza wenyewe huzitumia kila saa, nazo kwenye vijitabu huzioni kwa kuwa hazina mbwembwe. "Fair enough", unapoikubali hoja ya mwenzako hata kama hujaridhika kabisa. "It's up to you", unapomwachia mtu hiari yake. "Bear with me", ya karani anayekuomba subira kwenye simu. Hizo hazimvunjii mtu heshima, ofisini wala nyumbani. Usiibadilishe nahau umbo: ukisema "the bucket was kicked", msikilizaji atatafuta ndoo ya kweli, kama ambavyo ungetafuta kamba ukiambiwa kamba ilikatwa na babu. Na nahau mpya isikie kwanza kwa watu zaidi ya mmoja, redioni au kazini, uone wamesema mbele ya nani, kabla hujaitia kinywani.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, ni kriketi: kwa nini Mwingereza aliyebanwa husema yuko kwenye "sticky wicket", na mvua inahusikaje.