Cheti cha Marekani na Wodi ya Vwawa

Kijana wa Songwe anayefanya kazi kwenye makao ya wazee Marekani mara nyingi huanzia kuogesha na kulisha. Akionekana ana moyo na watu, huhamishiwa kitengo cha shughuli: kuimba na wazee, kuwatoa bustanini, kuwachezesha karata, kuwafanyisha mazoezi wakiwa wamekaa vitini. Wengine huko ndiko wanakogundua kwamba kazi hiyo ina shahada yake, mtihani wake na cheti chake, yaani tiba kwa njia ya burudani na michezo. Swali linalofuata ni la kila anayefikiria kurudi Tunduma, Mlowo au Itumba: nyumbani nitatambulika?

Kwa jina hilo, hapana. Tanzania haina rejesta ya fani hiyo. Ila ipo njia ya karibu, na inafaa ieleweke kabla mtu hajalipa ada ya masomo ya miaka minne.

Tuanze na kazi yenyewe, maana wengi huidharau kwa kuiona ni kuwapotezea wazee muda. Chukua mzee aliyepigwa na kiharusi, mkono wa kulia umelegea. Mwekee bao. Akiokota kete kwa kidole gumba na cha shahada na kuzisambaza shimo kwa shimo, vidole vinajifunza upya kubana, jicho linafuata mkono, akili inahesabu, na anajizoeza kungoja zamu ya mwenzake. Jirani akipita ataona mchezo. Mtaalamu yeye alishapima kabla: mzee alishika kete ngapi bila kuziangusha, alichoka baada ya dakika ngapi, alizungumza au alinyamaza. Ameandika lengo la wiki mbili kwenye faili, atapima tena, na kama hakuna badiliko atabadili njia. Pasipo kupima na kuandika, mchezo ule ni burudani njema kabisa, lakini hauwi tiba.

Kupima na kuandika huko ndiko kunakodhaminiwa na vyeti, na hapa watu wetu huchanganya mambo matatu. Ithibati hupewa chuo: kwamba mtaala, walimu na mafunzo ya vitendo vinafikia kiwango. Cheti cha taaluma hupewa mtu. Marekani hutolewa na NCTRC, baraza lililoundwa mwaka 1981, kwa aliyesoma shahada inayokubalika, akafanya mafunzo ya vitendo yasiyopungua saa 560 chini ya msimamizi mwenye cheti hicho, kisha akafaulu mtihani. Leseni ni ruhusa ya serikali, na ni majimbo machache yanayoidai kwa fani hii, yakiwamo Utah, North Carolina, New Hampshire na Oklahoma. Mtu anaweza kuwa na shahada ya chuo kizuri na bado asiruhusiwe kufanya kazi Utah.

Wale wanaoendesha shughuli za wazee kwenye makao bila cheti hicho hawavunji sheria. Kanuni za serikali kuu ya Marekani kuhusu makao ya wazee zinaruhusu kitengo cha shughuli kiongozwe na mtaalamu wa fani hii, au mtoa tiba kwa vitendo, au mtu mwenye uzoefu wa miaka miwili ndani ya mitano iliyopita, mmoja kati yake ukiwa wa kazi ya muda wote kwenye programu ya tiba, au aliyemaliza kozi iliyoidhinishwa na jimbo. Uzoefu huo unakupa kazi kule. Ukivuka bahari haukufuati. Uingereza nako mambo ni mengine: baraza la HCPC linasajili watoa tiba kwa vitendo, wafiziotherapia na wanaotibu kwa sanaa, muziki na maigizo, lakini tiba ya burudani haimo.

Sasa nyumbani. Tanzania Bara, Sheria ya Madaktari, Madaktari wa Meno na Wanataaluma wa Afya Shirikishi ya mwaka 2017 iliweka taaluma hizo chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika. (Zanzibar ina baraza lake, kwa kuwa afya si jambo la Muungano.) Fani iliyo jirani kabisa na tiba ya burudani ni tiba kwa vitendo. Mtoa tiba kwa vitendo anamrudisha mgonjwa kwenye shughuli za maisha yake, kufunga vifungo, kupika, kulima, kucheza, na mapumziko na michezo ni sehemu halali ya kazi yake. Lile bao la mzee wetu, kwa Tanzania, ni mali ya mtu huyu. Ana chuo kwenye hospitali ya KCMC, Moshi, ana cheo katika utumishi wa umma, na yupo kwenye shirikisho la dunia la fani yake lililoanza mwaka 1952.

Tatizo ni umbali na uchache. Kutoka Tunduma hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 1,000. Songwe ilimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na hospitali yake ya rufaa ya mkoa iko Vwawa, lakini mgonjwa mwenye shida kubwa bado hupandishwa gari kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Mbeya, zaidi ya kilomita 100 kutoka mpakani. Na mkoa huu unapitiwa na barabara kuu ya kwenda Zambia, yenye malori usiku na mchana na bodaboda zinazojipenyeza katikati yake. Mfupa unaunga wodini. Kujifunza upya kushika jembe kunachukua miezi, nako kunahitaji mtu aliyesomea.

Kwa hiyo naiomba jumuiya yetu ya watu wa Songwe jambo moja bila kuzunguka. Michango tunayokusanya kwa ajili ya afya, sehemu yake imsomeshe kijana wa Momba au Ileje tiba kwa vitendo Moshi. Viti vya magurudumu tunavyotuma vinasaidia, lakini huharibika. Mtu aliyesajiliwa anaweza kuajiriwa na serikali, anaweza kuwajibishwa na Baraza akikosea, na anawafundisha wengine. Huwezi kupata hayo kwa fani isiyo na rejesta, hata uipende kiasi gani.

Anayerudi na shahada ya nje aanzie Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ambako shahada hutambuliwa na kulinganishwa. Stashahada na vyeti huenda NACTVET. Utambuzi huo unasema tu kwamba elimu yako ni halali. Haukupi ruhusa ya kumgusa mgonjwa, hiyo hutolewa na Baraza husika. Hata anayekuja likizo kujitolea Vwawa kwa wiki kadhaa aandike mapema kwa Mganga Mkuu wa Mkoa na kuuliza usajili wa muda. Nia njema haimlindi mgonjwa likitokea la kutokea.

Kuna wanaodhani Nakonde ni mtaa wa pili wa Tunduma, kwani kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa mwaka 2019 kimerahisisha kuvuka. Kwa leseni ya afya haiko hivyo. Zambia ina baraza lake, HPCZ, chini ya sheria ya mwaka 2009. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, ambayo ibara yake ya 11 inazungumzia kutambuana vyeti, haifiki huko, maana Zambia si mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mfiziotherapia wa Tunduma anayeitwa kumwona mgonjwa ng'ambo ya mpaka anaingia nchi nyingine kweli kweli.

Na kwa anayesoma KCMC akiwa na ndoto ya Marekani: tangu mwaka 2007 mtoa tiba kwa vitendo kule huanzia shahada ya uzamili, hivyo stashahada ya Moshi pekee haitamfikisha kwenye mtihani. Mwenye cheti cha NCTRC naye akirudi asikiache kife. Kinahuishwa kila baada ya miaka mitano kwa masomo ya kujiendeleza, na hayo anaweza kuyafanya kwa intaneti akiwa Vwawa.