Bofa: Je, ufuo umeliwa au umehama?

Mwezi Agosti nilipita ufuo wa Bofa, Kilifi, nikaona mahali nilipozoea kuketi pamebonyea na mizizi ya mivinje iko nje. Nikamwambia mzee aliyekuwa akitengeneza wavu wake kwamba bahari imeula mchanga.

“Haijaula, mwalimu. Umehama tu. Ngoja kaskazi.”

Sisi tuliosoma tuna neno moja tu, mmomonyoko, na hulibebesha kila kitu kinachotokea ufuoni. Tazama jiwe kwanza. Mawe yanayochomoza kando ya bahari pwani hii ni matumbawe ya kale. Takribani miaka 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Iliposhuka, mwamba uliokuwa hai ukabaki nchi kavu, ukawa jiwe la chokaa. Maji ya mvua hubeba hewa ya ukaa, yakawa asidi hafifu inayoyeyusha chokaa hiyo polepole. Chumvi ya marasharasha nayo hukauka ndani ya vitundu, chembe zake zikakua na kulipasua jiwe. Wimbi halijaligusa bado. Hapo husemwa jiwe limelika, kama kisu kilichonolewa miaka mingi. Kiambishi -k- hutaja hali na kumwacha mtendaji.

Wimbi likifika, jiwe huliwa, na mlaji tunamjua. Maji hubana hewa katika nyufa, kisha hulipiga jiwe kwa mchanga na kokoto kama msasa. Neno pwani lenyewe latokana na kupwa kwa maji, na wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Kwa hiyo mguu wa jabali ndio huliwa sana, kichwa kikabaki kinaning'inia. Nenda Watamu uvione vile visiwa vidogo vyenye umbo la uyoga. Kichwa hicho kikianguka, kimemeguka, hakikumomonyoka: tonge humeguka, udongo humomonyoka.

Mchanga ni habari nyingine. Weupe wa Bofa haukutoka bara. Ni matumbawe na makombe yaliyosagika, na sehemu yake ni kazi ya pono, samaki anayetafuna mwamba na kuutoa tumboni ukiwa mchanga. (Tumemsingizia usingizi tu, kumbe mchana kutwa yuko kazini!) Malindi, Mto Sabaki huleta udongo wa bara, ndiyo maana mchanga wa huko una rangi ya kahawia.

Mchanga huu hautulii. Mawimbi ya kusi huja kwa mshazari na kuusukuma kuelekea kaskazini; pepo za kaskazi zikishika zamu, sehemu kubwa husukumwa kurudi. Mwamba ulio hai huko nje huvunja nguvu za mawimbi kabla hayajafika. Mwamba huo ukifa, au bahari ikipanda, mchanga unaweza kwenda usirudi, na hapo nitakubali kusema umeliwa.

Tofauti hii ina gharama. Anayeamini kiwanja chake kinaliwa hukimbilia kujenga ukuta. Wimbi likigonga ukuta wima hurudi na nguvu zake, likachimba mchanga ulio chini yake. Mchanga uliofungiwa nyuma ya ukuta nao haumfikii jirani, naye anajenga wake. Nimeona kuta mbili za namna hiyo zikifuatana, na mbele yake hakuna tena pa kutembea maji yakijaa. Angengoja miezi mitano apime tena, huenda asingenunua hata mfuko mmoja wa saruji.

Nilirudi Bofa Januari. Mizizi ya mivinje ilikuwa imefunikwa, isipokuwa miwili ya upande wa kusini.