Mwili Unaposema: Maonyesho ya Kigali, Hadhira ya Viziwi na Somo Letu la Tamthilia

Katika masomo ya fasihi tumezoea kufundisha kwamba tamthilia hukamilika jukwaani, mbele ya hadhira. Mara chache tunajiuliza hadhira hiyo ni nani. Akiwapo kiziwi miongoni mwa watazamaji, mchezo unaotegemea mazungumzo humpita, hata kama ameketi safu ya mbele. Makala haya yanakusudia kulieleza suala hilo kwa kuangalia kazi za wasanii wa Kigali, kisha kuonyesha linavyotuhusu sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili.

Tuanze na istilahi. Maonyesho ya mwili ni sanaa ambayo mwendo, mkao, uso na mpangilio wa waigizaji hubeba sehemu kubwa ya maana. Tusiyachanganye na mchezo bubu, ambao hauna maneno kabisa. Maonyesho ya mwili yanaweza kuwa na maneno, nyimbo na ngoma, lakini maneno si mhimili pekee. Nchini Rwanda jambo hili si geni. Katika ngoma ya umushagiriro wachezaji huinua mikono kuiga pembe za ng'ombe, na intore huonyesha ushujaa kwa miruko na kwa kutikisa vichwa vilivyovishwa nywele ndefu za katani.

Kacyiru ni sehemu ya Kigali inayojulikana kwa ofisi za serikali. Hata hivyo, ina historia yake katika sanaa. Maktaba ya Umma ya Kigali ilifunguliwa huko mwaka 2012, na mwaka huohuo kikaanzishwa kituo cha sanaa cha Inema. Kabla ya hapo, mwaka 2007, Carole Karemera na wanawake wenzake waliasisi kituo cha Ishyo, ambacho kilipata kuwa na makao yake Kacyiru na kuendesha tamthilia, dansi na shughuli za usomaji kwa watoto.

Karemera alikuwa mmoja wa waigizaji wa Rwanda 94, kazi ya kundi la Groupov la Ubelgiji iliyochukua karibu saa sita na kuonyeshwa Rwanda mwaka 2004. Mchezo huo unatupa mfano mzuri. Mwanzoni Yolande Mukagasana, aliyenusurika mauaji ya kimbari, aliketi jukwaani na kusimulia yaliyompata yeye na jamaa zake. Hapakuwa na miruko wala ngoma. Nguvu yote ilikuwa katika maneno ya mtu aliyetulia kitini. Kiziwi asiyepata ukalimani angeuona uso wenye uchungu, lakini asingejua nani aliuawa, lini, wala kwa mkono wa nani.

Kundi jingine ni Mashirika, lililoanzishwa na Hope Azeda mwaka 1997. Jina lake halihitaji tafsiri kwetu. Kundi hili limejulikana kwa kuchanganya dansi, muziki na uigizaji katika kusimulia historia ya nchi, na mwaka 2015 Azeda alianzisha tamasha la Ubumuntu, yaani utu, katika uwanja wa wazi wa Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari, Gisozi.

Je, mchezo wenye dansi nyingi unatosha kwa viziwi? Hapana. Mwili huonyesha vizuri hofu, safari au ugomvi, lakini hauwezi peke yake kutaja jina, tarehe au hoja. Lugha za ishara, kwa upande wake, ni lugha kamili zenye sarufi zake. Si maigizo ya mikono. Lugha ya ishara ya Rwanda, ambayo kwa Kinyarwanda huitwa amarenga, si Kinyarwanda kilichohamishiwa vidoleni. Kwa hiyo mchezo unaowajali viziwi huhitaji kupangwa hivyo tangu siku ya kwanza ya mazoezi. Mkalimani asimame karibu na waigizaji, si pembeni kabisa, maana mtazamaji hawezi kutazama pande mbili kwa wakati mmoja. Taa zisizimwe anapotafsiri. Waigizaji wasiwape watazamaji mgongo wanaposema. Na lililo bora zaidi ni kuwashirikisha viziwi wenyewe kama waigizaji na waongozaji.

Kwamba hilo linawezekana lilionekana mwaka 2012 katika ukumbi wa Globe, London, ambako tamthilia 37 za Shakespeare zilichezwa kwa lugha 37. Wasanii kutoka Kenya walicheza The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili, na kundi la Deafinitely Theatre likacheza Love's Labour's Lost kwa lugha ya ishara ya Uingereza. Lugha hizo mbili zilihesabiwa sawa.

Hapa ndipo suala linapotugusa. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017. Tukicheza tamthilia ya Kiswahili Kigali, mkalimani atahitaji kukielewa Kiswahili vizuri na kukihamishia katika amarenga. Mtu huyo hatapatikana tusipomwandaa darasani. Nchini Kenya, Katiba ya 2010 inaitaja lugha ya ishara pamoja na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Bunge. Tanzania nayo ina kamusi ya lugha ya alama iliyotolewa na Henry Muzale mwaka 2004. Msomaji ataona kwamba Kenya husema "ishara" na Tanzania "alama". Hilo nalo ni somo zuri la istilahi.

Tunapendekeza zoezi moja jepesi. Chagueni onyesho moja la tamthilia mnayoisoma, mlicheze bila sauti, kisha waulizeni wenzenu wameelewa nini. Orodhesheni yaliyopotea: majina, sababu, mzaha, methali. Orodha hiyo ndiyo kazi ya mkalimani. Aidha, ndiyo anayoyakosa kila siku mwanafunzi kiziwi aliye darasani mwetu tunapodhani kwamba kumketisha mbele kunatosha.