Baraka na Breki

Mwaka 1999 ilianzishwa desturi ya kubariki baiskeli katika Kanisa Kuu la St. John the Divine, mjini New York, Marekani. Baiskeli hunyunyiziwa maji ya baraka, kengele hupigwa, na waliouawa barabarani hukumbukwa. Watu wa dini zote hukaribishwa.

Sisi tuendao kazini kwa baiskeli tunaujua utani wa njiani. Mkristo husema: "Yako haijabatizwa, ndiyo maana cheni inachomoka." Mwislamu hujibu: "Yako imebatizwa, mbona haina breki?"

Tunacheka, lakini lori halimwulizi mtu dini yake. Basi tuombe dua, tukaze breki, na kwa umoja wetu tudai taa penye lango la kiwanda.