Fahamu: Binadamu anapoitwa "dili"

Katika ukanda unaotoka Tinde kwenda machimbo ya dhahabu ya Geita, nchini Tanzania, mtu mwenye ualbino amewahi kuitwa "dili", kama mzigo wenye faida. Wapo pia wanaosema zeruzeru hafi, hutoweka. Kauli hizi zinasaidiana: moja humpa bei, nyingine humnyima kifo, na asiyekufa hana muuaji. Vivyo hivyo, redio RTLM ya Rwanda iliwaita Watutsi mende mwaka 1994, walipokuwa wakiuawa.

Wengine watasema tatizo ni umaskini na imani kwamba viungo vya mtu mwenye ualbino huvuta dhahabu, si maneno. Hoja ina uzito. Ila maskini ni wengi, wauaji wachache. Na imani hiyo yenyewe husafiri kwa maneno, toka kwa mganga hadi kwa mteja, ikimkuta jirani aliyekwisha kuzoea kutaja bei. Sheria imefanya kazi: mwaka 2009 Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu kifo watu watatu waliomuua mvulana mwenye ualbino wilayani Bukombe. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli. Lakini hukumu hufuata kaburi, na marufuku ile haikugusa mazungumzo ya kijiweni.